Mahamri, Binti na Somo la Mifumo Endeshi



Wiki mbili kabla ya kuandama kwa mwezi wa Ramadhani tuliitwa nyumbani kwa ndugu yetu wa kike, Mji wa Kale hapa Mombasa, tukaambiwa kuna shauri la kukatwa. Tulipofika tulikuta kikao kimetimia: ndugu yetu na unga mikononi, mumewe, mama yetu mzazi juu ya mkeka wake na tasbihi mkononi, na binti mwenyewe ameinamisha kichwa kando ya mlango. Binti huyu yuko mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja jijini Nairobi, asomea sayansi ya kompyuta. Masomo yote amepita isipokuwa moja, lile liitwalo mifumo endeshi. Hilo lilimwangusha, na mtihani wa kurudia ulikuwa umewekwa baada ya Idi. Naye alikwisha kuamua kwamba haurudii. Angeomba ahamishiwe masomo ya biashara, ambayo kwa kauli yake "mtu aweza kuyasoma huku akikaanga."

Kauli hiyo haikuwa mzaha. Ndugu yetu hupika mahamri na mbaazi za kuuza, kiasi cha mahamri mia mbili kila siku, na zaidi kukiwa na arusi. Ada ya chuo yatoka katika karai hilo. Kila likizo binti anaporudi, yeye ndiye mkono wa kulia wa mamake: hukanda, husukuma, hukata, hupokea simu za oda, humfungulia mlango mwenye bodaboda, humpa bibi dawa zake, na baina ya hayo yote hufungua laptopu yake akasoma ukurasa mmoja, kisha akaitwa. Alitwambia, wala hakuwa akilalamika, kwamba masomo mengine yalikubali kusomwa hivyo. Hili halikukubali.

Twakiri kwamba fikra yetu ya kwanza ilikuwa kumkubalia. Biashara ni fani ya heshima, na Bi Khadija, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa mfanyabiashara. Kuna ubaya gani binti kuacha jambo lililomshinda akashika lililo jepesi? Lakini kabla ya kutoa rai tulimwomba kitu kimoja: atueleze somo lenyewe, sote tuliokaa pale, bibi akiwamo, kwa maneno tutakayoyafahamu. Alichukua simu ya mamake iliyokuwa juu ya meza, akaanza.

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mfumo endeshi ni hila ya kushika mia bila ya kuponyokwa na hata moja. Simu ile ilikuwa ikipokea ujumbe wa oda, ikicheza kisomo cha Qur'ani kwa sauti ya chini, ikingojea saa ya kumkumbusha bibi dawa zake, na wakati huohuo iko tayari mtu akipiga. Sisi twadhani inayafanya yote hayo kwa pamoja. Kumbe ile sehemu ya kompyuta inayofanya kazi hasa, ambayo wenyewe huiita prosesa, hufuata amri moja baada ya nyingine. Hata simu zikiwa na prosesa nne au nane, programu zinazotaka kuhudumiwa ni nyingi kuliko hizo. Basi kila programu hupewa zamu ya sehemu ndogo mno ya sekunde. Kengele ya ndani hulia, programu ikaondolewa, nyingine ikawekwa. Upesi wa zamu hizo ndio unaotughilibu macho. Na mgawa zamu, mlinzi wa milango na mtunza ghala ni programu moja kubwa iliyo chini ya programu zote: huo ndio mfumo endeshi. Katika simu ya ndugu yetu unaitwa Android, na kiini chake ni Linux.

"Si kama mimi jikoni?" ndugu yetu alidakia. "Nakoroga mbaazi, nageuza mahamri, natazama chai isifurike."

Binti aliinua kichwa kwa mara ya kwanza. "Ndiyo, mama. Lakini kila unapotoka kwenye karai kwenda kwenye mbaazi, lazima ukumbuke karai ulikuwa umeliacha wapi. Kompyuta haikumbuki mpaka iandikiwe."

Hilo la kukumbuka ndilo shina la somo zima. Programu inapoondolewa katika zamu yake, mfumo hulazimika kuandika pembeni kila ilichokuwa imekishika, ili itakapoitwa tena iendelee kana kwamba haikuondoka. Wanafunzi wenzake na yeye hujifunza kwa mfumo mdogo uitwao xv6, uliotungwa katika chuo cha MIT kule Marekani mwaka 2006 kwa ajili ya kufundishia. Mistari yake haifiki elfu kumi, hautozwi hata senti, nao huendeshwa ndani ya kompyuta ya kuigiza iliyo ndani ya laptopu, hata ukivunjika laptopu haidhuriki. (Hili liwatulize wazazi waliotuuliza zamani kama mabinti hawa hawana budi kukesha katika maabara za chuo. Kwa somo hili, laptopu ya mkono wa pili na pembe tulivu ya nyumba vyatosha.) Katika mfumo huo, kubadilisha zamu ndani ya kiini kwataka vitu 14 vihifadhiwe. Kisahauliwe kimoja tu, na kazi iliyorudishwa itakuwa kama mtu aliyeamshwa katika nyumba asiyoijua. Wala kuhifadhi huko si bure: muda unaopita katika kubadilisha zamu ni muda ambao hakuna kazi ya mtu yeyote iliyofanyika.

Akatueleza pia mkwamo. Wanawake wawili wako jikoni. Mmoja ameshika mbuzi ya kukunia nazi, mwingine ameshika kifumbu cha kuchujia. Kila mmoja anataka cha mwenziwe na hakuna anayeachia chake, basi Magharibi itaingia na tui halijapatikana. Vyuoni jambo hili hufundishwa kwa fumbo lililoanzia kwa Mholanzi Edsger Dijkstra mwaka 1965, la wanafalsafa watano waliozunguka meza, baina ya kila wawili pana uma mmoja, na kila mmoja hawezi kula mpaka apate uma mbili. Kila mtu akishika uma wa kushotoni kwake kwa wakati mmoja, wote watakufa na njaa chakula kikiwa mbele yao.

"Wanafalsafa hao hawana mikono?" bibi aliuliza. Binti akacheka, akasema wangekaa katika sinia moja swali la mtihani lingepotea.

Shemeji yetu alitaka kutia neno kuhusu Al-Khwarizmi, kwamba neno wanalotumia wanakompyuta wa dunia nzima kwa hatua za hesabu, algorithimu, latokana na jina la mwanachuoni huyo wa Baghdad wa karne ya 9. Ni kweli, nasi twajivunia. Lakini jina la marehemu halimkalii binti mtihani, na mara nyingine twaona kwamba twamtaja mzee huyo ili tusiulizwe tumewafanyia nini walio hai.

Kisha binti alifika katika sura aliyosema ndiyo iliyomshinda zaidi, ile ya kumbukumbu. Tuikawilie kidogo, kwani hapo ndipo shauri letu lilipogeuka.

Kompyuta ina kumbukumbu ya karibu, ndogo na nyepesi, mfano wa meza ya jikoni. Na ina diski, kubwa na nzito, mfano wa ghala la nyuma ya nyumba. Programu hugawanywa katika vipande viitwavyo kurasa. Si lazima kurasa zote ziwe mezani; zinazohitajika sasa huwekwa mezani na nyingine hungoja ghalani. Kurasa isiyopo inapotakiwa, mfumo husimamisha kazi, hurudisha kurasa nyingine ghalani kupata nafasi, ukaileta ile. Mambo huenda vizuri hivyo, hata programu kubwa kuliko meza yenyewe huweza kufanya kazi.

Lakini programu zikizidi, kila inayopata zamu hukuta kurasa zake zimeondolewa ili kuwapisha wenzake. Hutuma ziletwe, zinapofika, zamu imekwisha, na mwenziwe naye hukuta zake zimeondolewa. Kutwa ni kwenda ghalani na kurudi. Diski yazunguka, taa zawaka, ungeitazama ungesema mashine hii ina bidii ya ajabu, na hakuna kazi hata moja inayosonga mbele. Wenyewe wana neno lao kwa hali hiyo. Sisi tuliiita kutapatapa, na binti akalikubali. Mmarekani Peter Denning ndiye aliyeieleza sababu yake vizuri mwaka 1968. Zamani watu walitaabika sana, kwani mifumo ya siku zile ilikuwa na kosa la kuchekesha. Ulipoona prosesa imekaa bure ikingojea kurasa kutoka ghalani, mfumo ulidhani kwamba kazi ni chache. Basi uliongeza programu nyingine! Na kutapatapa kukazidi.

Dawa aliyoitoa Denning si kuharakisha mashine. Kila kazi, alisema, ina fungu lake la kurasa inazozihitaji kwa wakati huu. Kazi isipewe zamu mpaka fungu hilo lote lipate nafasi mezani. Na meza isipotosha, zisimamishwe kazi nyingine kabisa, si kupunguziwa, mpaka hii ipate pa kukaa.

Binti aliposema maneno hayo nyumba ilikuwa kimya, isipokuwa mafuta yaliyokuwa yakichemka. Ndugu yetu alijifuta unga mikononi. "Mimi," alisema polepole, "nikimwona amekodolea macho kioo cha kompyuta, haandiki, hasomi, nasema huyu hana kazi. Ndipo ninapomwita."

Hakuna aliyemjibu. Hakuwa akihitaji kujibiwa.

Kikao kiliahirishwa mpaka kesho yake. Usiku ule tuliketi kutafuta habari za watu waliotunga mifumo hii, kwa kuwa tulitaka kujua walipata wapi saa zao. Tulichokipata kilitushangaza, nasi twawaletea wasomaji wetu, hasa akina mama.

Mwaka 1969, katika maabara za Bell kule New Jersey, Marekani, Ken Thompson alianza kuandika mfumo uliokuja kuitwa Unix, ambao ndio mzee wa mifumo mingi ya leo. Hata xv6 anayoisoma binti yetu umefuata nyayo za Unix ya mwaka 1975. Thompson mwenyewe amesimulia zaidi ya mara moja jinsi alivyoupata wasaa wa kuikamilisha: mkewe alimchukua mtoto wao mchanga akasafiri naye mpaka California, kumpeleka kwa wazazi wa mume wapate kumwona mjukuu. Katika wiki hizo chache nyumba ikiwa tupu, alijipangia kila wiki kipande chake cha kazi, na mkewe aliporudi mfumo ulikuwa umesimama.

Mwaka 1991, mjini Helsinki, Ufini, mwanafunzi wa miaka 21 aitwaye Linus Torvalds alikuwa amejifungia chumbani mwake. Alikuwa amepata darasa la Unix chuoni, na alikuwa amekisoma kitabu cha Andrew Tanenbaum, mwalimu wa Amsterdam, aliyekiambatanisha na mfumo mdogo wa kufundishia uitwao Minix. Jaribio lake la awali lilikuwa dogo: kazi mbili, moja ikiandika herufi A na nyingine ikiandika herufi B, apate kuziona zamu zikibadilika mbele ya macho yake. Kutokana na herufi hizo mbili ikatoka Linux, iliyomo leo ndani ya simu ya mama muuza mahamri. Kijana huyo alikuwa akiishi katika nyumba ya mamake, pamoja na dada yake. Vitabu vyasimulia mengi kuhusu kompyuta aliyoinunua. Habari za nani aliyeosha vyombo kutwa nzima hazikupewa sura yake.

Hatusemi haya kwa kuwapunguzia wanaume hao sifa. Walichokifanya ni kikubwa na dunia nzima yakitumia. Wala asiseme mtu kwamba fani hii si ya wanawake, kwani Barbara Liskov alitunga mfumo endeshi uitwao Venus na kuueleza hadharani mwaka 1972, na baadaye akapewa tuzo ya Turing ya mwaka 2008, ambayo ndiyo tuzo kuu katika sayansi ya kompyuta. Tunalosema ni kwamba nyuma ya utulivu wa Thompson palikuwa na mwanamke aliyebeba mtoto, na Torvalds alikuwa chini ya dari ya mamake. Binti yetu ana nani wa kumbebea?

Kesho yake tuliyasimulia haya mbele ya kikao. Tulidhani ndugu yetu atayapokea kama alivyolipokea lile la kutapatapa. Haikuwa hivyo.

"Dada," alitwambia, "mimi nimekatizwa maisha yangu yote. Sijapata saa moja ya kwangu tangu niolewe, na watoto wamekua, na ada imelipwa. Leo mwaniambia mwanangu hawezi kukanda unga na kusoma. Sawa. Nikimwacha asome, mahamri yatapikwa na nani? Na yasipopikwa, huo mtihani ataulipia nini?"

Hatukuwa na jibu la upesi, na tungekuwa nalo lingekuwa la uongo. Alisema kweli tupu. Wengi wetu tukizungumza juu ya elimu ya mabinti twazungumza kana kwamba ada hushuka kutoka mbinguni na chakula hujipika. Yule anayemkatiza binti masomo yake ndiye huyohuyo anayeyalipia, naye amechoka kuliko binti mwenyewe.

Aliyetuokoa ni bibi, ambaye kutwa nzima ya jana alikuwa kama hasikii. Aliuliza: "Yule mvulana, yeye afanya kazi gani?"

Mvulana ni kaka mdogo wa binti, aliyekwisha kumaliza kidato cha nne akawa anangojea kujiunga na chuo. Wakati huo alikuwa kibarazani na simu yake. Hakuna aliyekuwa amemfikiria. Hata sisi, tuliokesha tukiwashangaa wazungu wa New Jersey na Helsinki, hatukuwa tumemfikiria.

Basi likakatwa shauri. Katika mwezi wote wa Ramadhani, tangu baada ya sala ya Alfajiri mpaka adhana ya Adhuhuri, binti haitwi. Si kwa simu, si kwa mlango, si kwa dawa za bibi. Baada ya Adhuhuri yeye ni wa jikoni kama kawaida mpaka futari. Kaka yake atashika simu za oda, atapeleka mizigo, na atajifunza kukanda. Bibi atakaa mlangoni pa chumba na tasbihi yake, na simu ya binti iwekwe mapajani mwake.

Hilo la simu tuliliona la ukali, lakini lilikuwa la lazima. Asubuhi ya kwanza aliyopewa, binti mwenyewe alitukiri baadaye, hakusoma kitu. Alikaa akingoja aitwe. Asiitwe, akachukua simu akawa anaipekua. Alikuwa amezoea kukatizwa mpaka akawa anajikatiza.

Hatutaki msomaji adhani mambo yalinyooka. Kaimati za mvulana siku ya kwanza zilitoka nyeusi kama makaa, na wateja wawili walirudisha. Oda mbili za arusi za baada ya Idi ndugu yetu alizikataa kwa kuogopa hataziweza, na fedha za oda hizo zilikuwa zimekwisha kuhesabiwa katika ada; shemeji yetu ikambidi apige simu chuoni kuomba kulipa kwa awamu. Siku ya tano ndugu yetu alisahau, akamwita binti mara tatu katika saa moja, na mama yetu, aliye na miaka yake, alimkaripia mbele ya jirani: "Nimekwambia yuko kazini!" Walikaa hawasemezani mpaka wakati wa kufuturu.

Siku ya kumi na moja ndiyo tutakayoikumbuka. Kulikuwa na zoezi moja ambalo binti alikuwa amelihangaikia tangu muhula uliopita: kuandika programu yenye kazi tatu, A, B na C, zipeane zamu zenyewe. Kila alipoiendesha, A iliandika mara moja, kisha yote yakavurugika. Alikuwa ameirudia mara nyingi asizozihesabu, robo saa hapa, dakika kumi kule, na kila alipoketi ilimbidi aanze kufikiri tangu mwanzo.

Kila kazi hupewa mahali pake pa kuweka vitu vyake kimoja juu ya kingine, mfano wa rundo la sahani. Lakini katika prosesa ile rundo hukua kinyume, kutoka juu kwenda chini. Yeye alikuwa amelianzishia mwisho wa chini wa nafasi yake, basi kila kazi ilipoweka sahani yake, sahani ilianguka katika nafasi ya jirani na kumvunjia zake. Alitwambia aliliona kosa hilo kiasi cha saa tano tangu aketi, akiwa amechora ramani nzima ya kumbukumbu katika karatasi za kufungia mahamri, na ya kwamba katika saa ya pili na ya tatu hakuwa akiandika wala kusoma kitu, alikuwa akitazama tu. Marekebisho yalikuwa mstari mmoja.

Alitoka chumbani mbio kabla ya adhana, akamshika bibi mkono akamwingiza ndani. Bibi alitazama kioo: A, B, C, A, B, C, zashuka moja baada ya moja kama wanafunzi wa madrasa watokao darasani. Akauliza kama hiyo ndiyo kazi ya asubuhi nzima. Akaambiwa ndiyo. Akasema mashaallah, akarudi mlangoni.

Tulipoisimulia habari hii katika darsa yetu ya akina mama, mmoja alituuliza swali lililotunyamazisha: mwenye chumba kimoja na watoto sita, bila ya bibi wala mlango, afanyeje? Twakubali kwamba utulivu una bei, na si kila nyumba ina cha kulipia. Lakini mama mwingine pale pale alisema kwamba madrasa ya mtaani kwao huwa tupu tangu asubuhi mpaka watoto watoke shule, viti vipo na umeme upo. Wamekwisha kuzungumza na mwalimu. Funguo ziko kwa mama huyo, na hivi tunavyoandika mabinti watatu wamo ndani, mmoja asomea uuguzi, wawili hesabu. Wenye madrasa zilizo wazi asubuhi watuandikie, nasi tutazitaja hapa in shaa Allah.

Mtihani ulifanyika wiki ya pili baada ya Idi, na wiki iliyopita majibu yalitoka. Binti amepita, alhamdulillahi, na habari za kuhamia masomo ya biashara hazijasikika tena. Chuo chao kina desturi, ambayo sisi twaiona si ya haki, kwamba anayepita mtihani wa kurudia huandikiwa alama ya chini kabisa ya kupita, hata akijibu kila swali. Basi ameandikiwa D. Tulipompigia mama yetu kumpa habari alifurahi, akashukuru, kisha akanyamaza kidogo. Akataka kujua hiyo D ilikuwa wapi siku ile, kwani yeye alitazama vizuri kwa macho yake na aliziona A, B na C peke yake.